Saizi moja, suruali tatu, na kiuno cha sentimeta 84

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 36, urefu wangu ni sentimeta 163 na nimezaa watoto wawili. Nimenunua suruali tatu zenye saizi moja kwenye lebo. Ya kwanza ilikwama mapajani, ya pili inanibana tumbo, ya tatu inapwaya mgongoni mpaka ngumi inapita. Jioni moja nikajipima kiuno pale kitovuni, nikapata sentimeta 84. Mwenzangu kazini akaniambia kiuno cha mwanamke kinatakiwa kiwe sentimeta 60. Tangu siku hiyo naruka chakula cha mchana na kutwa nzima navaa mkanda wa kubana tumbo. Juzi nimemkuta binti yangu wa miaka 11 naye anajipima. Naomba unisaidie: saizi yangu halisi ni ipi, na kiuno changu kina tatizo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo mawili ukidhani ni moja, na wengi wanaoniandikia hufanya hivyo hivyo. Saizi ni habari ya suruali, inasema suruali ile ilikatiwa mtu wa namna gani. Kipimo cha kiuno ni habari ya mwili wako, na kina maana kwa daktari na kwa fundi, ila kila mmoja anakisoma kwa namna yake. Ile 60 ya mwenzako haina kazi kwa yeyote kati ya hao wawili. Nitazipitia zote, na kuhusu binti yako nitasema mwishoni kwa kirefu kidogo, maana ndiye aliyenifanya nisiliahirishe jibu hili.

Kazi yangu ni kuchora patroni, yaani vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo, na kufundisha wanaochora, kwa hiyo niruhusu nianze na suruali.

Kiwandani, nguo mpya huanza na mwanamke mmoja. Wakati mwingine ni mtu hai anayelipwa kujaribishwa nguo, wakati mwingine ni sanamu ya kushonea. Suruali ya kwanza inashonwa kwa mwili wake, inarekebishwa mpaka imkae sawasawa, na hiyo inakuwa saizi ya msingi. Saizi nyingine hawaitafutii mwanamke mwingine. Wanachukua patroni ileile na kuiongeza au kuipunguza kwa kiasi kilichopangwa, tuseme sentimeta 4 au 5 za mzunguko kwa kila saizi. Maana yake, kama yule mwanamke wa msingi ana mapaja membamba, basi hata saizi kubwa kuliko zote itakuwa ya mtu mwenye mapaja membamba kwa kiasi chake. Kampuni nyingine ina mwanamke wake mwingine. Suruali iliyokwama mapajani ilitengenezwa kwa mtu mwenye miguu isiyo na nyama nyingi, iliyokubana tumbo ni ya mtu mwenye tumbo bapa, na ile inayopwaya mgongoni ni ya mtu ambaye kiuno na nyonga zake zinakaribiana kuliko zako. Hakuna hata moja iliyokutana na wewe kabla hujaivaa.

Ungetegemea basi namba ile iwe na mizani moja inayofuatwa na wote. Marekani walijaribu. Mwaka 1939 na 1940 wizara yao ya kilimo ilipima wanawake karibu 15,000, kila mmoja akachukuliwa vipimo 59, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Hata huo upimaji ulikuwa na kasoro kubwa: waliohesabiwa mwishoni ni wanawake weupe peke yao. Kutokana na takwimu hizo kikatoka kiwango cha serikali mwaka 1958. Viwanda havikulazimishwa kukifuata, na mwaka 1983 kikafutwa kabisa. Katika kiwango hicho cha 1958, saizi 8 ilikuwa ya mwanamke mwenye kiuno cha inchi 23.5, yaani karibu sentimeta 60. Leo nchini humohumo mwanamke mwenye kiuno hicho ataambiwa avae saizi 0 au chini ya hapo. Miili kwa wastani imeongezeka, ni kweli, lakini hilo halielezi kwa nini namba ya kiuno kilekile imeshuka. Iliteremshwa kidogo kidogo kwa sababu mteja anayejiona kwenye namba ndogo hununua kwa moyo mweupe.

Ukivuka mpaka wa nchi mambo yanazidi. Kwa kukadiria, gauni lililoandikwa 12 Uingereza huandikwa 8 Marekani, 38 Ujerumani, 40 Ufaransa na 44 Italia. Ulaya walitengeneza kiwango cha pamoja kiitwacho EN 13402, ambacho kinataka lebo ionyeshe mchoro mdogo wa mwili na vipimo vyake kwa sentimeta: kifua, kiuno, nyonga. Ninakipenda, na ninasikitika kwamba makampuni mengi hayakitumii kwa ukamilifu. Ukiona lebo yenye sentimeta, iamini kuliko yenye namba tupu.

Hata ndani ya kampuni moja kuna tofauti usiyoweza kuikwepa. Kitambaa hutandikwa tabaka nyingi na kukatwa kwa pamoja. Kisu kikiinama kidogo, kipande cha juu na cha chini haviwi sawa. Kisha kuna mshono uliokwenda ndani au nje kwa milimita mbili, na kitambaa kilichofuliwa kiwandani kikanywea. Ndiyo maana viwanda hujiwekea kiasi cha kosa kinachokubalika, mara nyingi sentimeta moja au zaidi kiunoni. Suruali mbili za rangi mbili, lebo ileile, zinaweza kupishana sentimeta 2 au zaidi na zote zikapita ukaguzi. Zaidi ya hayo, suruali za jinzi zenye namba kama 28 au 30, ambazo watu hudhani ni inchi za kiuno, mara nyingi ukiupima ukanda wake unakuta ni mkubwa kuliko namba iliyoandikwa, hasa kama suruali inakaa chini ya kitovu, mahali ambapo mzunguko wa mwili nao ni mkubwa kuliko kiunoni.

Kwa hiyo saizi yako halisi haipo, mdogo wangu. Kuna vipimo vyako, na hivyo vipo. Andika vitatu kwenye simu yako, yaani kifua, kiuno na nyonga, na ukinunua linganisha na jedwali la kampuni hiyohiyo. Angalia kama jedwali linataja vipimo vya mwili au vya nguo iliyolazwa mezani, maana nguo huachiwa nafasi ya kupumulia. Ukipewa vipimo vya mwili na wewe ukajumlisha tena nafasi hiyo, utanunua nguo inayopwaya.

Na ukifika dukani, chagua suruali kwa sehemu yako iliyo pana zaidi. Kwa maelezo yako ni mapaja na nyonga. Kiuno kinapunguzika kirahisi: fundi anafumua ukanda kwa nyuma, anaingiza ndani mshono wa katikati, anarudishia. Sentimeta 3 au 4 hutoka bila mtu kujua. Zikizidi hapo mifuko ya nyuma huanza kusogeleana na suruali inapoteza umbo. Ile suruali yako ya tatu ni ya kupeleka kwa fundi. Ya kwanza irudishe au mpe mtu, kwa sababu kupanua paja lililokatwa jembamba ni kazi isiyolipa.

Sasa kiuno. Sentimeta 84 ulizopata bado sizikubali, kwa sababu ulipima kitovuni, jioni, na sidhani ulikuwa umeacha tumbo lilegee kama kawaida. Kwa wanawake wengi kitovuni ndipo panapotoa namba kubwa kuliko kiuno chenyewe. Nitakueleza kama ninavyowaelekeza wanafunzi wangu. Vua nguo ya juu au bakiza fulana nyepesi, simama miguu ikiwa imeachana kidogo, asubuhi kabla ya kula. Bonyeza ubavuni kwa vidole mpaka uguse ubavu wa mwisho kabisa, weka alama ndogo ya kalamu. Shuka taratibu mpaka uguse ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo Shirika la Afya Duniani linapotaka utepe upite. Zungusha utepe ukiwa sambamba na sakafu. Jitazame kwenye kioo kwa upande, maana mgongoni huwa unateleza kushuka bila wewe kujua. Uguse ngozi bila kuibonyeza. Vuta pumzi, itoe kawaida, na usome mwisho wa kuitoa. Usivute tumbo ndani. Ukilivuta unajidanganya mwenyewe na fundi wako. Rudia. Namba mbili zikipishana zaidi ya sentimeta moja, pima ya tatu.

Kipimo hicho ni cha afya. Fundi anataka kingine: sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Kama huioni vizuri, funga uzi mwembamba kiunoni bila kuukaza, kisha inama kushoto na kulia mara kadhaa. Utatulia wenyewe pale mwili unapokunjika. Hapo ndipo gauni linapobana. Kwa suruali, pima mahali ukanda utakapokaa, basi. Usishangae ukapata namba tatu tofauti katika asubuhi moja.

Pia kiuno hakikai namba moja mwezi mzima. Siku za kukaribia hedhi, siku uliyokula chumvi nyingi, siku choo kimekuwa kigumu, tumbo hujaa, na utepe unaongezeka sentimeta mbili tatu bila mafuta hata kidogo kuongezeka. Anayejipima kila asubuhi anapima maji na gesi. Kwa afya, mara moja kwa miezi mitatu inatosha.

Kina tatizo? Hapa nitakwambia ukweli wote, kwa sababu kukubembeleza kwamba namba haina maana yoyote ni kukunyima haki yako. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka miwili kwa wanawake: kuanzia sentimeta 80 hatari ya kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo huanza kuongezeka, na zaidi ya 88 huongezeka sana. Njia nyingine ni kulinganisha na urefu. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, ilishauri mwaka 2022 kwamba kiuno kisifike nusu ya urefu wa mtu. Nusu ya urefu wako ni sentimeta 81.5. Kama kipimo chako sahihi kitabaki 84, umeivuka kwa sentimeta mbili na nusu. Ukipima vizuri huenda ukawa chini ya mstari huo, huenda ukawa juu yake kidogo. Vyovyote iwavyo, hiyo ni sababu ya kupimwa shinikizo la damu na sukari utakapopita kliniki. Si ugonjwa, na si jambo la kukukosesha usingizi.

Sababu ya madaktari kujali kiuno kuliko nyonga ni mafuta yanayokaa ndani, kuzunguka ini na utumbo. Hayo ndiyo yanayovuruga sukari na mafuta ya damu. Mafuta ya chini ya ngozi, yale unayoweza kuyashika kwa vidole, hayana madhara hayo kwa kiasi hicho, na ya nyonga na mapaja ndiyo yenye madhara madogo zaidi. Utepe hauwezi kutofautisha ya ndani na ya nje, ndiyo maana hauwezi kuwa hukumu peke yake. Nao wanawake waliokoma hedhi wanaosoma hapa wajue kwamba homoni ya estrojeni ikishuka, mafuta huhamia tumboni hata kama uzito haujabadilika. Hamjakosea kitu.

Kwa mama aliyezaa kuna jambo jingine ambalo mara nyingi huitwa mafuta kimakosa. Mimba hutenganisha ile misuli miwili inayoshuka katikati ya tumbo, na kwa baadhi ya wanawake hairudi kukutana. Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu, inua kichwa. Kama vidole zaidi ya viwili vinazama katikati ya misuli, nenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akupangie mazoezi yanayofaa. Kula kidogo hakutaliziba pengo hilo, na mazoezi ya kujikunja kwa pupa yanaweza kulizidisha.

Mkanda uuvue. Mkanda anaopewa mzazi hospitalini baada ya upasuaji ni jambo jingine, unavaliwa kwa muda na kwa maelekezo. Huu wa kutwa nzima unasukuma nyama na maji kwenda juu na chini, na ukiuvua vinarudi. Hauyeyushi mafuta hata chembe. Ukibana tumbo, asidi hupanda kifuani, pumzi inakuwa fupi, na nguvu yote inashukia misuli ya chini inayoshikilia kibofu, ambayo kwa mwanamke aliyezaa mara mbili imeshafanya kazi ya kutosha.

Na chakula cha mchana ule. Huwezi kuchagua mwili utoe mafuta wapi. Unayatoa kwa mpangilio wake wenyewe, na kwa wengi yale ya ndani ya tumbo huitikia vizuri mtu anapotembea kwa haraka. Dakika 150 kwa wiki ndicho kiwango cha chini anachoshauriwa mtu mzima. Usingizi wa kutosha na kupunguza vinywaji vya sukari vinasaidia. Njaa ya mchana huishia kwenye sahani ya usiku, na ikizoeleka huwafungulia baadhi ya watu mlango wa ugonjwa wa ulaji ambao kuutoka ni kazi ya miaka.

Nimekwepa ile 60 mpaka hapa, nikihofia hasira. Inatokana na ile fomula ya 90-60-90 ya warembo wa mashindano. Kwa macho ya mchora patroni, fomula hiyo inadai tofauti ya sentimeta 30 kati ya kiuno na nyonga, kwenye fremu ndogo ya mwili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State uliopitia vipimo vya zaidi ya wanawake 6,000 ulikuta wenye umbo la kiuno chembamba kati ya kifua na nyonga zilizolingana ni karibu asilimia 8 tu. Karibu nusu walikuwa na umbo lililonyooka. Umbali kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga umeumbwa hivyo: aliyezaliwa na umbali mfupi hana mahali pa kiuno kuingia ndani, hata awe mwembamba vipi. Huo ni mfupa. Hakuna chakula wala mkanda unaourefusha.

Wanaotuuzia urembo nao hawatulii. Mwaka 1947 Christian Dior, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, alitoa magauni yenye kiuno kilichobanwa kwa nguvu na sketi pana, na wanawake wakatafuta vibanio vya ndani ili waingie. Haikupita miaka 20, likaja gauni fupi lililonyooka kama la Twiggy, mwanamitindo mwembamba wa Uingereza, na kiuno kikawa hakionekani kabisa. Katika muda huo mifupa ya wanawake haikubadilika. Patroni zilibadilika, na kila mara mwenye mwili wa kawaida aliambiwa kwamba yeye ndiye mwenye kasoro. Picha unazoziona leo kwenye simu zimeongezewa kazi: mwanamke amesokota kiuno, amevuta pumzi, kisha kompyuta imemalizia. Ufaransa tangu mwaka 2017 inalazimisha picha za matangazo ambazo umbo la mwanamitindo limerekebishwa ziandikwe hivyo.

Binti yako sasa. Sikwambii haya kukutisha. Daktari Anne Becker wa Marekani alifanya utafiti Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, kwenye jimbo la Nadroga, ambako mwili wenye nyama ulikuwa ukisifiwa. Televisheni ilifika huko mwaka 1995. Wakati huo hakuna msichana katika uchunguzi wake aliyesema hujitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Miaka mitatu tu. Binti yako ana simu za watu wazima zinazomzunguka, na ana mama anayeruka chakula mbele yake. Mtoto wa umri huo hasikii tunachomwambia kuhusu mwili wake kama anavyotazama tunachoufanya wetu.

Kwa hiyo usianze na hotuba. Anza kwa kula naye. Uache kusema "nimenenepa" ukiwa mbele ya kioo naye yupo. Utepe urudi kwenye kikapu cha ushonaji, na asiulizwe kwa ukali kwa nini aliuchukua. Muulize tu alikuwa anatafuta kujua nini, kisha unyamaze umsikilize. Mweleze kwamba nyonga zake zitapanuka, tumbo huenda likatangulia kujaa kabla hajarefuka, na kwamba ndivyo msichana anavyokuwa. Mipaka ya 80 na 88 ni ya watu wazima, isitajwe kwake kabisa. Nguo ikimbana, mnunulie kubwa bila maneno, na lebo mkiikata pamoja itakuwa vizuri zaidi.

Mtazame kwa wiki chache zijazo. Akianza kukwepa kula na wengine, kukimbilia chooni kila baada ya chakula, kujificha kwenye manguo mapana hata kwenye joto, au akiendelea kujipima kwa siri baada ya mazungumzo yenu, mpeleke kwa daktari mapema bila kusubiri akonde. Ugonjwa wa ulaji huwapata hata watoto wenye uzito wa kawaida. Na kama wewe mwenyewe utaona huwezi kuanza tena kula chakula cha mchana bila kujisikia mkosaji, nendeni wote wawili siku hiyohiyo, kila mmoja aonwe peke yake.